Mwani Juu ya Mwamba

Miye, mtoto wa Jambiani, Unguja, nilitapika kwenye boti ya kwenda Inis Mór, kisiwa cha Ireland. Nalitanguliza hilo kwa sababu wenzangu hawajaacha kunicheka. Kutoka Ros an Mhíl, magharibi ya Galway, ni kama dakika 40 tu, lakini Atlantiki si maji ya ndani ya mwamba tuliyozoea kwetu. Wimbi lake linakunyanyua taratibu, tumbo likabaki nyuma.

Ilikuwa Pasaka ya 2018. Tulikuwa wanne, sote tunafanya kazi Dublin. Jana yake tulikwenda Moher kutazama majabali, yale yanayofika mita 214, tukaona ukungu. Ukungu mtupu. Tukalipa, tukapiga picha za weupe, tukarudi kwenye basi. Safari yote ilikuwa imeshanichosha.

Bandarini Cill Rónáin wenzangu wakakodi baiskeli kwenda Dún Aonghasa, ngome ya kale ya mawe iliyo ukingoni mwa jabali la karibu mita 100. Hapana uzio pale. Watu hulala kifudifudi kuchungulia bahari. Tumbo langu halikutaka habari za kuchungulia. Nikasema nitawafuata kwa miguu.

Njia nzima ni kuta. Mawe yamepangwa bila chokaa wala saruji, mwanga unapenya katikati, na yamekikata kisiwa vipande vipande, vingine havizidi ua wa nyumba yetu. Ajabu ni kwamba vingi havina mlango. Nikawa natembea huku najiuliza ng'ombe huingiaje.

Halafu nikanusa mwani. Si kitu cha kufanana na mwani. Mwani, uliolala ufukweni siku mbili tatu. Nikaifuata harufu, nikamkuta mzee anautandaza kwa uma mkubwa wa shambani juu ya matuta ya mbatata.

"Dia duit," nikamwamkia. Nilikariri kwenye boti, kabla mambo hayajaharibika.

"Dia is Muire duit."

Akanieleza kwa Kiingereza kwamba miye nimemtakia Mungu awe naye, na yeye kaniongezea Mariamu, maana anayejibu hutoa zaidi ya alichopewa. Nikacheka, kwani nilifundishwa hivyo hivyo chuo cha Kurani: ukisalimiwa, rudisha salamu na rehema juu yake.

Nikamwambia mama yangu analima mwani.

"Analimia mwani?"

"Hapana mzee, anaulima wenyewe. Baharini."

Nikamchorea chini kwa kijiti: kamba zimefungwa kwenye vijiti, vishada vya mwani vimening'inia, maji yakitoka wanawake wanashuka. Akauliza kilo moja ya mkavu inauzwaje. Nilipomtajia akapiga mluzi, akarudi kwenye kazi yake.

Baadaye akachomeka uma ardhini. Haukwenda mbali, chuma kikagonga mwamba. Udongo huu, akasema, hakuna aliyeukuta. Mababu zake waliziba nyufa za mwamba kwa kokoto, wakapanda na vikapu mgongoni, mchanga na mwani, tabaka juu ya tabaka, mpaka kiazi kikapata pa kulala. Mawe waliyoyang'oa ndiyo yakawa kuta, na kuta zikauzuia upepo usiuchukue udongo. Na ng'ombe? Akacheka. Unabomoa kipande cha ukuta, ng'ombe akipita unakijenga tena.

Nilibaki pale kumsaidia kutandaza mpaka saa ya boti ikakaribia. Dún Aonghasa sijaiona hadi leo. Wenzangu walirudi na picha nzuri mno, kwani jua lilitoka wakiwa kule juu, na boti nzima ya kurudi walikuwa wakinionyesha moja moja, nami mikono inanuka Jambiani.

Usiku nikampigia mama nikamsimulia yote, ngome, kuta, mbatata. Alinisikiliza kimya.

"Sasa huo mwani," akasema, "wanaumwaga tu shambani? Hawauuzi?"

"Hawauuzi, mama."

"Hata kilo?"