Siku moja Kigoma, na kamera isiyo na nyuma

Saa 12:30 asubuhi. Sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi, kwa hiyo Dar es Salaam wakiwa wameshaota jua, huku bado kuna kigizagiza. Najifunza kupiga picha za nyuzi 360, zile zinazounganishwa kutoka picha kadhaa ili anayetazama aweze kugeuka pande zote. Muda huo napima kamera uani. Nasimamisha fimbo karibu na lenzi, nailinganisha na nguzo ya umeme iliyo mbali, kisha naizungusha kamera kushoto na kulia. Fimbo ikionekana kuihama nguzo, naisogeza kamera nyuma kidogo juu ya stendi na kupima tena, mpaka vyote viwili vitulie. Bila kipimo hiki vitu vya karibu haviungani kati ya picha na picha. Ubao wa mtumbwi utakatika katikati, na kuutengeneza baadaye ni kazi ya kukesha.

Saa 2. Mwalo wa Kibirizi. Mitumbwi imeshusha dagaa, na kina mama wanaanika. Mimi natokea kwenye picha za harusi, ambako usichokitaka unakiacha nje ya picha. Hapa hakuna nje. Picha inachukua nyuzi 360 kuzunguka na 180 kutoka utosini hadi miguuni. Takataka zimo, nyaya zimo, na mpigaji asipojificha naye yumo. Uamuzi mkubwa unaobaki mkononi mwake ni mmoja: asimame wapi. Ndiyo maana mwalimu wangu huifungua kamera mwisho kabisa. Kwanza anatembea.

Nami natembea. Ukingoni mwa maji panavutia, lakini nusu nzima ya picha itakuwa ziwa tupu. Juu kwenye njia, watu wanakuwa wadogo mno. Kati ya vichanja viwili vya dagaa, kamera ikiwa kimo cha macho ya mtu, kila utakapogeuka kuna shughuli. Hapo.

"Shikamoo mama. Naomba nisimame hapa kidogo, napiga picha ya mwalo mzima."

"Marahaba mwanangu. Na sisi tutaonekana?"

"Mtaonekana. Asiyetaka, sura yake nitaifunika."

Mmoja anajitanda khanga mpaka puani. Wengine wanaendelea na kazi. Napiga picha sita kuzunguka kwa lenzi pana ya jicho la samaki, moja ya juu na moja ya chini. Mwanga na rangi nimevifunga kwa mkono, maana kamera ikijiamulia yenyewe, upande wa ziwa utafifia, upande wa mlima utaungua, na mishono yote itaonekana.

Saa 5. Ujiji, kwenye kumbukumbu ya Livingstone, mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871. Wageni wengi huupiga mnara kwa mbele na kuondoka. Sisi tunaweka stendi chini ya miembe, ili anayetazama akiinua macho aone kivuli alichokaa. Upepo unatikisa majani, tunasubiri utulie. Ndani ya jengo dirisha linawaka na kona ni giza, kwa hiyo kila upande unapigwa mara tatu: giza, wastani, angavu.

Saa 7 jua linakaribia utosi, ugali na migebuka, kisha daladala kurudi mjini.

Saa 9. Kompyuta. Natumia Hugin, programu ya bure. Inatafuta alama zinazofanana kati ya picha na picha, lakini haijui kipi kinatembea. Imefunga wimbi la picha hii kwa wimbi jingine la picha ile, na khanga ya mama aliyekwisha kusogea. Nazifuta hizo moja moja, nabakiza mawe, miti ya vichanja na paa za mabati. Kazi hii inachosha macho, nami naipenda kuliko zote. Mwisho inatoka picha bapa, upana mara mbili ya kimo, tayari kuvingirishwa kuwa duara.

Saa 1 usiku tunaunganisha vituo viwe ziara moja: unabonyeza mshale, unahama. Hapo tunabishana. Mwalimu anataka anayeingia Kibirizi aanze kwa kutazama ziwa, kwa kuwa ndilo linalojulikana. Mimi nasema aanze na kina mama wa dagaa; ziwa atalikuta akigeuka. Baada ya kuizungusha mara kadhaa amekubali, na ndivyo tulivyoihifadhi.