Nilivyoacha kuanza na jicho: mtu wa vijiti alivyonisaidia kuchora pozi

Kwa muda mrefu sana mi nilikuwa naanza kuchora mtu kwenye jicho. Jicho la kushoto kwanza, naenda pua, mdomo, nywele naziweka moja moja kabisa, alafu nikishuka mabegani ndo mambo yanaanza kuharibika na nikifika miguuni karatasi imeisha au mguu mmoja umekuwa mrefu kuliko mwenzake. Uso mzuri ila mwili kama umesimamishwa kwa gundi. Na pozi ilikuwa ile ile kila siku, mtu kasimama wima, mikono nyuma.

Kuna kaka mmoja anachora miaka mingi, siku hiyo kashika daftari langu anafunua taratibu, akaniuliza swali moja tu: "Mdogo wangu, huyu uzito wake kauweka mguu gani?" Nikaangalia mchoro wangu sikuona jibu. Hakuwa kauweka popote. Hilo swali limekaa na mimi mpaka leo, na kila ninachoandika hapa kimetoka kwenye lile swali.

Basi nikaanza kutumia mtu wa vijiti, yaani kabla sijagusa uso wala nguo nachora kwanza kiunzi chepesi cha pozi nzima. Duara la kichwa, mstari wa mgongo, vijiti vya mikono na miguu. Wiki ya kwanza haikunisaidia chochote kwa kweli, maana mgongo niliuchora umenyooka kama rula na mabega na nyonga zote zimelala sawa, kwa hiyo kiunzi chenyewe kilikuwa kimekakamaa na nikikivalisha nyama kinabaki kimekakamaa vile vile. Wengi naona wanaachia hapo wanasema vijiti havifanyi kazi. Vinafanya, ila vijiti gani ndo suala.

Kilichobadilisha ni mistari miwili mifupi, mmoja wa mabega na mmoja wa nyonga. Simama mbele ya kioo sasa hivi, weka uzito wote mguu wa kulia, wa kushoto ulegeze goti likunjike kidogo, alafu shika nyonga zako kwa mikono miwili. Utasikia upande wa kulia umepanda. Sasa angalia mabega, mara nyingi bega la kulia litakuwa limeshuka, yaani mistari miwili inainama kinyume na mgongo katikati unapinda ili kichwa kisiende pembeni. Wachongaji wa Ugiriki ya kale walishaliona hili karne ya 5 kabla ya Kristo, ndo maana sanamu zao za kipindi hicho zinaonekana kama mtu amepumzika na zile za kabla yake zimesimama kama askari gwaride. Mi nilivyoliona kwenye mwili wangu mwenyewe nikarudi mezani nikachora viunzi kama kumi mfululizo, mistari miwili tu na mgongo, na kila kimoja kilikuwa kimesimama kweli.

Kwa hiyo saiz nafanya hivi. Navuta kwanza mstari mmoja mrefu kutoka kichwani mpaka mguu unaobeba uzito, kwa mvuto mmoja bila kusita, huo ndo mwendo wa pozi, unaweza kuwa kama upinde au kama herufi S. Juu ya huo naweka yai la kichwa, yai kubwa la mbavu, na nyonga nazichora kama kiboksi. Hicho kiboksi ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri, maana kijiti hakikuonyeshi mtu kageukia wapi ila boksi lina uso wa mbele na pembeni, ukiligeuza kidogo tu tayari unajua paja gani liko karibu na wewe. Alafu vidoti vya mabega, viwiko, magoti na vifundo, naunganisha. Penseli naishika nyuma mbali na ncha ili mistari iwe hafifu, sihitaji hata raba sana. Kama unachorea kwenye tableti weka kiunzi kwenye leya yake (yaani tabaka lake peke yake) ya rangi nyingine, ukimaliza unaififisha.

Vipimo navyo vinasaidia ila usivigeuze sheria. Kichwa cha mtu mwenyewe ndo rula: mtu mzima wa kawaida ana urefu wa vichwa kama 7 na nusu, wachoraji wengi wanatumia 8 kwa sababu inagawanyika kirahisi, katikati ya urefu wote ni kwenye kinena, magoti yako vichwa viwili juu kutoka chini. Mkono ukining'inia kiwiko kiko kiunoni na kifundo cha mkono kiko usawa wa kinena. Kiganja chote pamoja na vidole ni sawa na kutoka kidevu mpaka nywele zinapoanzia, kwa hiyo ukiona kiganja ulichochora hakifuniki uso ujue ni kidogo, na mi vyangu vyote vilikuwa vidogo. Mtoto wa mwaka mmoja ni vichwa kama 4 tu, ndo maana ukimchora mtoto kwa vipimo vya mkubwa anatoka mzee mfupi.

Kipimo ninachokipenda zaidi lakini ni ule mstari wa timazi. Kile kishimo cha koo, pale chini katikati ya ile mifupa miwili ya mbele inayoenda mabegani, shusha mstari wima mpaka chini. Mtu kasimamia mguu mmoja, mstari unaangukia kwenye ule mguu au karibu yake, kasimamia yote miwili unaangukia katikati, ukienda nje basi huyo anaanguka au anakimbia au kuna kitu anakiegemea. Sekunde tano tu na unajua kama pozi itasimama.

Hapo ndo nikajaribu mtu aliyebeba ndoo ya maji mkono wa kulia, na huu mchoro ndo ulinifundisha kuliko yote. Nilichora mara nne. Mara tatu za kwanza mtu alikuwa kashika ndoo kama kashika karatasi, mwili wima, timazi imeangukia katikati ya miguu safi kabisa, na bado sio kweli. Nikachukua ndoo nikajaza maji nikainua mwenyewe. Kumbe mwili wote unakimbilia kushoto, mkono wa kushoto unatoka nje wenyewe bila kuuambia, na wa kulia unanyooka mpaka kiwiko kinafunga. Nikachora kiunzi kile, timazi ya koo ikaangukia nje upande wa kushoto, nikataka kurekebisha alafu nikaelewa: ndoo nayo ni uzito, ukijumlisha mtu na ndoo katikati yake inarudi kwenye miguu. Nilimpelekea yule kaka kiunzi tu, hakina uso wala nguo. Akasema "hii ndoo imejaa." Nilifurahi siku hiyo sijui niseme vipi.

Mazoezi nilifanya ya muda, naweka taima ya sekunde 30, nachora pozi kutoka kwenye picha, ikilia naenda nyingine, baadae za dakika moja na mbili. Sekunde 30 hazikupi nafasi ya kuchora jicho, na hiyo ndo faida yake, unalazimika kuchagua mstari gani unabeba pozi. Na kitu kingine, pozi ya kiunzi itie chumvi kidogo kuliko unavyoona, kama mtu kainama mwinamishe zaidi, maana ukija kuweka nguo na kusafisha mistari pozi huwa inajinyoosha yenyewe na kupoa. Yule mwanasesere wa mbao wa mezani wa kuwekea pozi mi hakunisaidia sana, kiuno chake hakipindi kama chetu.

Vijiti vina sehemu vinagoma, mkono ukielekezwa kwako moja kwa moja kijiti kinakuwa kidoti. Hapo nabadilisha natumia makopo, ngumi duara kubwa mbele, kopo la mkono wa chini nyuma yake limefunikwa nusu, la mkono wa juu nyuma zaidi, na midomo ya makopo inakuonyesha mkono umeelekea wapi.

Vidole ndo napambana navyo sasa. Navichora kwanza kama glavu isiyo na vidole, kiganja na kipande kimoja cha vidole vinne, gumba pembeni, nikiona glavu inashika kitu vizuri ndo natenganisha. Jana nilichora mkono umeshika kamba ya kiatu, glavu ilitoka mara ya pili tu, vidole bado.