Mapigo ya P13: nilivyosoma chanzo angavu cha eksirei kwenye galaksi nyingine

Nilipochukua mada ya vyanzo vya eksirei vyenye mng'aro wa kupindukia, ambavyo wanafani huviita ULX, sikuwa na hata saa moja ya muda wa darubini. Nilikuwa na kompyuta ya kawaida na intaneti. Kumbe inatosha. Data za XMM-Newton, Chandra na NuSTAR, darubini za eksirei zilizoko angani, hufunguliwa kwa kila mtu, bure, pindi muda wa faragha wa walioomba uchunguzi unapokwisha. Programu za kuzichambua nazo ni za bure. Hapa naeleza jinsi nilivyozitumia hadi nikaona nyota ya nyutroni, yaani mabaki madogo na mazito mno ya nyota iliyokufa, ikipiga kutoka galaksi nyingine (mwanga wake ukipanda na kushuka kwa kujirudia), kwa sababu karibu kila anayeanza kazi hii hukwama palepale nilipokwama mimi: kwenye muda.

Kwanza, tunazungumzia nini. ULX ni kinukta cha eksirei kilicho ndani ya galaksi lakini si kwenye kitovu chake, kinachotoa zaidi ya wati 10³², kana kwamba kinukta kimoja kinashinda Jua letu robo milioni, tena kwa eksirei peke yake. Kiwango hicho hakikuchaguliwa ovyo. Kitu kinapomeza gesi, mwanga unaotoka huisukuma gesi hiyo nje, na mvutano huivuta ndani. Nguvu hizo zinapolingana ndipo tunapopata kikomo cha Eddington, na kwa shimo jeusi lenye masi mara 10 ya Jua kikomo hicho ni kama wati 1.3 × 10³². Chochote kinachozidi hapo kina maelezo mawili: ama mlaji ni mkubwa kuliko tulivyozoea, ama anakula kwa kasi ambayo kwa hesabu rahisi haiwezekani.

Kwa miaka mingi maelezo ya kwanza ndiyo yaliyopendwa. Vyanzo hivi vilianza kuonekana kwa setilaiti ya Einstein, iliyorushwa 1978, na watu wengi wakaamini ndani yake mna mashimo meusi ya masi ya kati, yale yenye masi mara mamia au maelfu ya Jua. Kusema kweli, nadhani wazo hilo lilidumu zaidi kwa utamu wake kuliko kwa ushahidi. Halafu mwaka 2014 kundi lililoongozwa na Matteo Bachetti likatumia data za NuSTAR za galaksi M82, darubini ilipokuwa imeelekezwa huko kwa ajili ya supanova SN 2014J, likaona chanzo M82 X-2 kinapiga kila sekunde 1.37. Shimo jeusi halina uso wa kubeba doa la moto linalozunguka, kwa hiyo halipigi kwa saa kamili namna hiyo. Ilikuwa nyota ya nyutroni, kitu chenye masi kama 1.4 ya Jua, inayong'aa takriban mara 100 ya kikomo chake. Mashimo ya kati hayajafutwa kabisa, maana HLX-1 ya galaksi ESO 243-49 bado ni mgombea mzuri, lakini mjadala uligeuka.

Mimi nilichagua P13, kilichoko ukingoni mwa galaksi NGC 7793, yapata miakanuru milioni 12 kutoka hapa. Nilikuwa na sababu ya kivivu na sababu ya maana. Ya kivivu ni kwamba kiko peke yake. M82 X-2 na jirani yake X-1 wametengana kwa sekunde 5 tu za tao (kipimo kidogo cha pembe angani), na isipokuwa Chandra, darubini hizi huwaona kama kitu kimoja. P13 hakina jirani wa kukisumbua. Sababu ya maana ni historia yake. Mwaka 2014 Christian Motch na wenzake walionyesha kuwa mwenzi wake, yaani nyota anayozunguka nayo na inayomlisha gesi, ni nyota kubwa ya buluu, aina ya B9Ia, yenye masi kati ya 18 na 23 za Jua, na mwanga wake hubadilika kwa mzunguko wa siku 64 hivi. Wakahesabu kwamba kama mlaji ni shimo jeusi, basi masi yake haifiki 15. Miaka miwili baadaye makundi mawili, la Felix Fürst na la Gian Luca Israel, yakakuta mapigo ya sekunde 0.42 kwenye data za XMM-Newton, zikiwemo za tangu 2013. Mapigo yalikuwa yamelala kwenye hifadhi wazi, yanasubiri mtu wa kuyatafuta. Hilo ndilo lililonivuta.

Mwenzi huyo alinirahisishia jambo jingine. ULX wengi wa kwenye orodha ni watuhumiwa tu. Baadhi yao, wakichunguzwa vizuri, huwa ni viini hai vya galaksi za mbali zaidi, yaani vitovu vyenye shimo jeusi kubwa linalomeza gesi, vilivyotokea nyuma ya galaksi unayoitazama. Orodha iliyochapishwa 2022 na Dominic Walton na wenzake ina watuhumiwa 1,843 katika galaksi 951, na kuwasafisha ni kazi ya kuchosha. Kwa P13 spektra ya nyota mwenzi, yaani mwanga wake uliogawanywa kwa nguvu za fotoni (chembe za mwanga), imeshamaliza ubishi, nami nilishukuru.

Sasa, kamera. Hapa ndipo wengi hupoteza wiki zao. Picha za Chandra ni kali kuliko zote, lakini kamera yake ya ACIS, katika hali yake ya kawaida, husoma fremu moja kila sekunde 3.2. Pigo la sekunde 0.42 litakuwa limekwenda na kurudi zaidi ya mara saba kabla fremu haijafungwa. Kamera za MOS za XMM-Newton nazo huchukua sekunde 2.6. Iliyobaki ni pn, kamera nyingine ya XMM-Newton, ambayo husoma fremu yake nzima kila milisekunde 73, kwa hiyo kila pigo linapata fremu tano na ushee. NuSTAR ni ya haraka zaidi na huona fotoni zenye nguvu ambazo XMM haizifikii, ila kwa jicho lisilo kali. Niliamua kuanza na pn peke yake.

Ukishashusha faili na kuziendesha kwenye SAS, programu ya XMM, unabaki na jedwali. Nataka nisisitize hili kwa sababu ndilo lililobadilisha mtazamo wangu: data ya eksirei si picha. Ni jedwali la fotoni, mstari mmoja kwa kila fotoni, na kila mstari unasema ilifika saa ngapi, iligonga wapi, na ilikuwa na nguvu kiasi gani. Picha unaitengeneza wewe kwa kupuuza muda. Spektra unaitengeneza kwa kupuuza muda na kuhesabu nguvu. Mapigo unayapata kwa kuupa muda nafasi ya kwanza na kupuuza karibu kila kitu kingine. Nilikata duara la nusu dakika ya tao kuzunguka chanzo, nikakata jingine tupu kwenye chipu ileile kwa ajili ya mandharinyuma, nikaondoa vipindi ambavyo protoni za angani huingia kwenye vioo na kuifanya kamera ipige kelele. Kwa spektra nilikata vipindi hivyo bila huruma. Kwa mapigo nililegeza kidogo, maana mapengo mengi kwenye mtiririko wa muda yana usumbufu wake.

Halafu nikafanya hesabu ndogo iliyonitia wasiwasi. Nyota inazunguka zaidi ya mara mbili kwa sekunde, na fotoni zinazoifikia pn ni chache kiasi kwamba, kwa wastani, kila mzunguko haupati hata fotoni moja nzima. Nikamwandikia msimamizi wangu.

"Dokta, pigo linaonekanaje kama kila pigo halina hata fotoni moja?"

"Halionekani, mwanangu. Linajengwa," akajibu. "Na anza na fotoni ngumu, zile zenye nguvu kubwa. Hizo laini zitakuchosha bure."

Kujengwa kwenyewe ndiko huku. Chukua utepe mrefu wenye nukta za wino, uuzungushe juu ya mkebe. Kama mzingo wa mkebe si sahihi, nukta zitatapakaa pande zote. Ukipata mzingo wenyewe, nukta zitajipanga upande mmoja. Fotoni ni nukta, mkebe ni kipindi unachokijaribu, na kompyuta hujaribu mikebe mingi sana. Kwa kila kipindi nilihesabu takwimu inayopima mpangilio, ile inayoandikwa Z², nikitumia Stingray, maktaba ya Python iliyoandikwa kwa kazi za namna hii.

Lakini kabla ya kukunja chochote, yaani kuuzungusha utepe huo, lazima saa irekebishwe, na hapa ndipo penye uhondo. Dunia hukimbia takriban kilomita 30 kwa sekunde kuzunguka Jua. Ikikimbia kuelekea chanzo kwa saa moja tu, fotoni za mwisho wa saa hiyo zinafika mapema kwa sekunde 0.36, yaani karibu pigo zima la P13 limeyeyuka. Ongeza kwamba XMM yenyewe inazunguka Dunia katika njia ndefu kama yai, kwa takriban saa 48, ikifika zaidi ya kilomita 100,000 juu. Kwa hiyo kila fotoni hupewa muda mpya: muda ambao ingefika kwenye kitovu cha masi cha mfumo wa Jua. Ni amri moja, barycen, na inahitaji mahali sahihi pa chanzo angani. Mahali hapo nilipachukua kwenye picha ya Chandra. Ile kamera isiyofaa kwa mapigo ikawa na kazi yake.

Nikaanza na fotoni za juu ya kiloelektroni-volti 2 (kipimo cha nguvu ya fotoni), kama nilivyoshauriwa, kwa kuwa sehemu ya mwanga inayopiga huongezeka kadiri nguvu ya fotoni inavyopanda. Nilijua jibu lililochapishwa, lakini sikutaka kwenda moja kwa moja kwenye 0.42 na kujipongeza. Nikatafuta katika upana mkubwa wa masafa, yaani idadi ya mapigo kwa sekunde, nikaruhusu pia kipindi kibadilike taratibu ndani ya uchunguzi mmoja, maana nyota iliyofungwa kwenye obiti hutujia na kutukimbia, na gesi inayoiangukia huizungusha kasi zaidi. Gharama yake ni kwamba ukijaribu mikebe milioni, bahati tupu itakupa mpangilio wa kuvutia mahali fulani. Kwa hiyo uwezekano wa kubahatisha unazidishwa kwa idadi ya majaribio, na kilele cha Z² kinachobaki na nguvu baada ya kutozwa hivyo ndicho unachokiamini.

Kwenye data za 2016 kilele kilisimama wima. Hakikuhitaji mjadala. Nikakunja fotoni zote kwa kipindi hicho na pigo likatokea: mviringo laini, unaopanda na kushuka mara moja kwa kila mzunguko, bila ncha kali kama za pulsa (nyota za nyutroni zinazopiga) za redio. Umbo hilo la upole ni la kawaida kwa pulsa za ULX. Nikaenda kwenye data za 2013, nikakuta kilele kilekile kidogo pembeni. Kati ya miaka hiyo kipindi kilikuwa kimefupika kwa milisekunde kama tatu. Inaonekana kidogo, lakini kwa kitu chenye masi ya Jua na zaidi, kuongezewa mzunguko kwa kasi hiyo kunataka gesi nyingi mno. Pulsa nyingine ya ULX, iliyo kwenye galaksi NGC 5907 na inayong'aa hadi wati 10³⁴ hivi, ilitoka sekunde 1.43 mwaka 2003 hadi 1.13 mwaka 2014.

Nikajaribu kukiua kilele changu. Nikakunja fotoni za mandharinyuma kwa kipindi kilekile: tambarare. Nikagawa uchunguzi nusu kwa nusu: pigo likabaki katika nusu zote mbili. Nikabadilisha ukubwa wa duara: hakikuhama. Nikakagua kama masafa yake ni kigawe cha mwendo wa fremu za kamera: si kigawe. Majaribio haya hayaandikwi sana kwenye makala, ila ukimwonyesha mtu mzoefu grafu yako ndiyo atakayouliza kabla hajakaa.

Spektra nitaipitia haraka. Kama ilivyo kwa ULX wengi, ya P13 hujikunja chini baada ya kiloelektroni-volti chache, na inafanana sana na za vyanzo ambavyo havijaonyesha pigo lolote. Kwa hiyo spektra peke yake haikuambii ni nyota ya nyutroni au ni shimo jeusi. Nami nipo upande wa wanaodhani kwamba wengi wa hao kimya ni nyota za nyutroni ambazo mapigo yake ni dhaifu mno kwetu. Katika M51, chanzo ULX-8 hakijaonyesha mapigo, lakini mwaka 2018 Murray Brightman na wenzake walitangaza alama ya mfyonzo kwenye spektra yake karibu na kiloelektroni-volti 4.5, wanayoihusisha na chembe zinazozunguka katika uga wa sumaku wenye nguvu kubwa, jambo ambalo shimo jeusi haliwezi kulifanya.

Swali la jinsi kikomo kinavyovukwa halijafungwa. Wapo wanaosema mwanga umebanwa kama koni na sisi tumesimama mdomoni mwake, hivyo tunauhesabu zaidi ya ulivyo. Wengine husema uga wa sumaku hupunguza uwezo wa mwanga kuisukuma gesi. Kwa M82 X-2, mabadiliko ya obiti yaliyopimwa kwa miaka kadhaa yanaonyesha kuwa nyota hiyo inapokea gesi ya masi kama Dunia moja na nusu kila mwaka, na kiasi hicho kinatosha kueleza mng'aro wake bila kulazimisha koni nyembamba.

Sasa hivi nimehamia NGC 1313 X-2. Mapigo yake ya sekunde 1.5 hivi yaliripotiwa 2019, ni dhaifu, na yamejitokeza kwenye sehemu tu ya data za XMM zilizopo. Hati zangu za programu za P13 zinaiendesha karibu bila kubadilishwa, isipokuwa upana wa masafa na kipimo cha mabadiliko ya kipindi, ambavyo kwa chanzo hiki vinaila kompyuta usiku kucha.