Kuakaivu imeili sio kupunguza imeili

Watu wengi huku Kisumu wanadhani ukibonyeza kile kitufe cha akaivu kwa Gmail basi umepata nafasi. Hapana. Akaivu inatoa tu ile lebo ya inboksi, barua yenyewe iko palepale kwa All Mail na uzito wake uleule, ni sawa na kutoa magunia sebuleni ukayapanga chumba cha kulala. Tena mtu akijibu hiyo imeili inarudi inboksi mbio.

Kuna mama anauza vifaa vya ujenzi hapa upande wa Kibuye, nafanyia duka lake vitabu vya hesabu, juzi akanipigia, "Kijana wangu, wateja wanasema imeili zao zinarudi." Kufungua hivi, inboksi safi kama ya mtu aliyefungua akaunti jana, lakini GB 15 zimeisha zote, na zikiisha Gmail haipokei wala haitumi, anayekuandikia anarudishiwa barua yake. Sasa hizo GB 15 sio za imeili peke yake, mnagawana na Drive na tangu Juni 2021 hata picha mpya zinazopanda Google Photos zinahesabiwa, kwa hivyo angalia kwanza kama anayekula nafasi ni picha za harusi.

Kwa mama ilikuwa ni imeili. Maneno matupu hayana uzito, shida ni skani za LPO (oda za kununua bidhaa) na delivery note, na faili ikiambatishwa kwa imeili inavimba karibu thuluthi moja kwa sababu inageuzwa kuwa herufi ndiyo isafiri, PDF ya MB 6 inakuwa kama 8. Andika pale kwa kutafuta larger:10M older_than:2y uone vile wakubwa wanajitokeza.

Lakini usianze kufuta ovyo!! Sheria ya taratibu za ushuru ya 2015 inataka rekodi za biashara zikae angalau miaka 5, na siku KRA, watu wa ushuru wa Kenya, wakiuliza invoisi hautawaambia eti nafasi iliisha. Mimi nafanya mwaka kwa mwaka. Natafuta after:2018/1/1 before:2019/1/1, nachagua zote (ile mistari ya kwanza inayoonekana haitoshi, kuna maandishi yanatokea juu yanakuuliza kama unataka zote, bonyeza hapo), naziwekea lebo ya 2018, halafu naingia Google Takeout, pale Google wanakupa nakala ya data yako uipakue, natoa tiki kwa kila kitu naacha Mail pekee na hiyo lebo moja. Inakuletea faili ya mbox, yenye barua zote ndani. Kama una mzigo mkubwa subiri upate wifi, bando ya simu utalia.

Mbox inafunguka na Thunderbird, programu ya imeili ya kompyuta, ukiongeza kiprogramu cha kuingiza barua, na Thunderbird ni ya bure. Fungua kabisa, usome invoisi mbili tatu, uone PDF zinafunguka, ndio urudi kufuta. Kuna wenye wanaunganisha Thunderbird na Gmail kwa IMAP (njia ya kuonyesha kwa kompyuta barua zilizo kule Gmail) wakiona barua kwa kompyuta wanasema tayari wameweka nakala, wanafuta kule Gmail na huku pia zinapotea, maana IMAP ni dirisha tu. Lazima uzipeleke Local Folders, folda za Thunderbird zinazokaa kwa kompyuta yenyewe. Na weka nakala mbili, moja kwa hard disk na nyingine isikae kwa duka hilohilo, flashi peke yake mimi siiamini.

Ukishafuta, mwaga na takataka pia, la sivyo zinakaa siku 30 zikiendelea kukula nafasi.

Matangazo ya ofa na jarida za kila wiki hazihitaji haya yote. Tafuta neno unsubscribe, pitisha macho haraka usije ukabeba risiti ya tiketi ya ndege, futa zingine na ujitoe kwa hizo listi. Kwa mama zilikuwa nyingi kuliko za wateja, na hakuwa amewahi kufungua hata moja.