Sifa, Lami na Nahodha wa Safina

Kwa miaka mingi niliisoma aya ya tatu ya sura ya pili ya Kutoka bila kuielewa, na wala sikujua kwamba siielewi. Biblia ya Kiswahili niliyokulia nayo Malindi inasema kwamba mama yake Musa, aliposhindwa kuendelea kumficha mtoto, alimpatia kisafina cha manyasi, “akakipaka sifa na lami”. Nilidhani sifa hizo ni zile tunazoziimba kanisani, kwamba labda mama alikiombea kile kikapu kabla ya kukishusha mtoni, nikapita. Ni baada ya kuhamia Lamu kufundisha ndipo siku moja nilipokwenda Matondoni, nikamkuta fundi wa vyombo akiipaka mashua mafuta yenye harufu nzito, nikamuuliza ni mafuta gani hayo.

“Sifa hiyo, mwanangu. Mafuta ya papa. Mbao usipoilisha sifa, jua litaipasua.”

Nilirudi nyumbani nikaifungua ile aya upya, kwa aibu kidogo, maana mtoto wa pwani nilikuwa nimepitwa na neno la pwani. Hapo ndipo nilipoanza kuzisoma hadithi za safina kwa jicho la mjenzi, na kusoma kwa namna hiyo ndiko kulikonifikisha katika vibao vya udongo vya Babeli, ambako kuna safina nyingine, za zamani zaidi, nazo zimepakwa lami vilevile.

Kisa cha kugunduliwa kwa hadithi hiyo kinajulikana. Mwaka 1872, George Smith, mtu aliyeanza maisha kwa kuchonga sahani za kuchapia noti na kujifunza maandishi ya kikabari, yale ya alama zilizochapwa kwenye udongo, kwa juhudi zake mwenyewe, alikuwa akivichambua katika jumba la makumbusho la Uingereza vibao vilivyochimbuliwa Ninawi, kutoka maktaba ya mfalme Ashurbanipal wa karne ya 7 KK. Katika kimoja alisoma habari za chombo kilichokwama juu ya mlima, na ndege aliyetumwa asipate mahali pa kutua. Tarehe 3 Desemba mwaka huo alisoma tafsiri yake mbele ya wanachama wa chama cha akiolojia ya Biblia jijini London, waziri mkuu Gladstone akiwa miongoni mwa wasikilizaji. Kile kilikuwa kibao cha 11 cha utenzi wa Babeli juu ya mfalme Gilgamesh.

Ndani yake mzee Utnapishtim anasimulia jinsi mungu Ea alivyomwonya kwa kusema na ukuta wa nyumba ya matete, akamwambia aibomoe nyumba na kujenga chombo. Akajenga, akakipaka lami, akapakia jamaa zake, mafundi na wanyama. Mvua ikapiga siku sita na usiku saba. Chombo kikakaa juu ya mlima Nimush. Siku ya saba akamwachia njiwa, akarudi. Akamwachia mbayuwayu, akarudi. Akamwachia kunguru, naye alipoona maji yamepungua hakurudi tena. Kisha akashuka, akatoa sadaka, na miungu ikasikia harufu yake nzuri.

Msomaji wa Mwanzo anajua kwamba Nuhu naye aliachia ndege, ila yeye alianza na kunguru, kisha njiwa, akashuka, akajenga madhabahu, na BWANA akasikia harufu ya kumridhisha. Nilipokuwa katika kikundi cha vijana niliwahi kuuliza juu ya jambo hili, nikajibiwa kwamba ni shetani aliyetangulia kuiga ili atuvuruge. Jibu hilo sikulikubali wakati ule, na sasa silikubali hata kidogo. Wapo pia wanaosema kwamba mafuriko hutokea kila mahali, kwa hiyo kila taifa lazima liwe na hadithi yake. Ni kweli kwamba mafuriko ni mengi, lakini mafuriko peke yake hayaleti mlima, kisha ndege kuachiwa mmoja baada ya mwingine, sadaka na harufu, kwa mfuatano ule ule. Kuwatumia ndege ni ujuzi wa mabaharia: Plinio wa Roma aliandika kwamba mabaharia wa kisiwa tunachokiita leo Sri Lanka walisafiri na ndege, wakiwaachia ili wawafuate hadi nchi kavu. Msimulizi wa kale aliujua ujuzi huo, na waliomfuata waliupokea pamoja na hadithi.

Njia ya kupokea nayo haina fumbo kubwa. Wayahudi walichukuliwa mateka Babeli katika karne ya 6 KK, wakaishi miongoni mwa watu waliokuwa wakiinakili hadithi hiyo shuleni. Hata kabla ya hapo, kipande cha utenzi wa Gilgamesh kilichoandikwa yapata karne ya 14 KK kimeokotwa Megido, katika nchi yenyewe ya Kanaani. Hadithi ilikuwa imekwisha kufika, kama bidhaa zinavyofika bandarini.

Ninachokitazama mimi zaidi ni kile ambacho msimulizi wa Mwanzo alikibadilisha. Tuchukue sababu ya gharika. Katika hadithi ya Atrahasis, ambayo nakala zake zinarudi hadi karne ya 17 KK, miungu wadogo walichoka kuchimba mifereji, wakagoma, na binadamu akaumbwa kwa udongo uliochanganywa na damu ya mungu aliyechinjwa ili aibebe kazi hiyo. Watu wakaongezeka, kelele zao zikamnyima usingizi mungu Enlil, akawaletea maradhi, ukame, njaa, na mwishowe maji. Mwanzo unaijua gharika hiyo, lakini unasema dunia ilijaa dhuluma. Kelele imeondolewa, na mahali pake pamewekwa damu ya watu inayomwagwa na watu. Badiliko hilo ni zito kuliko mfanano wote, kwa sababu mwenye kelele hana kosa ila kuzaliana, na mwenye dhuluma ana la kujibu.

Kisha ile harufu. Huko Babeli watu walipozama, sadaka zilikoma, na miungu ikashikwa na njaa na kiu. Ndiyo maana, Utnapishtim alipochoma sadaka yake, walimkusanyikia kama nzi. Mwandishi aliyethubutu kuwafananisha miungu wake na nzi namheshimu sana. Mwanzo umeiacha harufu mahali pake na kuiondoa njaa. Imebaki kama tundu la msumari katika ubao uliotolewa kwenye chombo cha zamani na kutumiwa katika kipya: msumari haupo, lakini tundu linaeleza ulikotoka ubao. Zaburi ya 50 inalisema jambo hilo waziwazi, karibu kwa kejeli: “Kama ningekuwa na njaa singekuambia.”

Hapa Lamu hoja hii haipaswi kumshtua mtu. Watunzi wa tendi wa Pate na Lamu walichukua visa vilivyokuja kwa Kiarabu, wakavivisha mizani na vina vya Kiswahili, na hatujawahi kuwaita wezi. Bibi anayesimulia kisa cha Yusufu atakuambia kwamba mke wa bwana wake aliitwa Zuleikha, ingawa jina hilo halimo katika Biblia wala katika Kurani. Lilikuja na wasimulizi. Na kisa chenyewe cha mwanamke anayemtaka kijana, akikataliwa anamsingizia, kimo katika gombo la mafunjo la Misri la yapata mwaka 1200 KK, lenye habari za ndugu wawili, Anubis na Bata.

Lakini uangalifu unahitajika kwa pande zote mbili. Mfalme Sargon wa Akadi alitawala katika karne ya 24 na ya 23 KK, na ipo hadithi kwamba mama yake alimzaa kwa siri, akamweka katika kikapu cha matete kilichozibwa kwa lami, akamwacha mtoni, hadi Akki mchota maji alipompata. Wengi hukimbilia kusema kwamba Musa amenakiliwa hapo moja kwa moja. Nakala tulizo nazo za hadithi hiyo, hata hivyo, ni za enzi za Waashuri wa mwisho, miaka zaidi ya elfu moja na nusu baada ya Sargon mwenyewe, kwa hiyo ukale wa mfalme si ukale wa hadithi. Mfanano upo, nani alimsikia nani ni swali gumu zaidi.

Na zile orodha zinazozunguka kwenye simu, zinazodai kwamba mungu Horus wa Misri alizaliwa na bikira tarehe 25 Desemba na kufuatwa na wanafunzi kumi na wawili, nawaomba wanaonitumia waache. Maandishi ya Wamisri hayasemi hivyo: Isis alimchukulia mimba Horus kwa Osiris, mumewe aliyekwisha kuuawa, na Injili zenyewe hazitaji tarehe yoyote ya kuzaliwa kwa Yesu. Mtu akitaka mfanano wa kweli na asome Isaya 27 juu ya Lewiathani, joka la baharini, kisha asome vibao vya Ugarit, mji wa kale wa Shamu, vilivyoanza kuchimbuliwa mwaka 1929, vinavyomtaja nyoka Litan kwa sifa karibu zile zile, neno kwa neno. (Sifa hizi si za papa.)

Mwezi uliopita nilirudi Matondoni. Nilimweleza yule fundi kuhusu kibao kilichochapishwa mwaka 2014 na Irving Finkel, mtaalamu wa kikabari, cha miaka ya 1750 KK hivi, ambamo safina ni ya duara kama ungo, imesukwa kwa kamba ya nyuzi za mtende na kupakwa lami. Nilidhani atacheka. Badala yake alinikumbusha kwamba wazee wa visiwa hivi walijenga mitepe kwa kushona mbao kwa kamba za nazi, bila msumari hata mmoja, na kwamba Kurani inaitaja safina ya Nuhu kuwa ya mbao na dusuri, neno ambalo wengi hulifasiri misumari na wengine kamba. Nilipomwambia kwamba waliojaribu kujenga mfano mdogo wa safina hiyo ya duara huko Kerala waliingiliwa na maji kwa sababu ya lami mbaya, hakuonyesha mshangao wowote.

Akataka vipimo vya Nuhu. Nikamsomea: dhiraa 300 kwa 50 kwa 30, orofa tatu, mlango ubavuni, mti wa mvinje, ingawa neno la Kiebrania lililofasiriwa mvinje, yaani goferi, halipatikani penginepo katika Biblia nzima.

“Mkuku wake?” Haukutajwa. “Tanga? Usukani?” Havikutajwa.

“Basi hicho si chombo,” akasema. “Hilo ni sanduku.”

Nami nilikuwa sijamwambia kwamba neno la Kiebrania, teva, maana yake ni sanduku au kasha, na kwamba katika Biblia limetumika mahali pawili tu: kwa Nuhu na kwa kile kikapu cha Musa. Kiswahili, kwa kuchukua safina ya Kiarabu, yaani jahazi, kimelificha hilo, japo kwa kusema safina na kisafina kimeuhifadhi undugu wa visa viwili ambao lugha nyingine zimeupoteza.

“Na nahodha?” akauliza mwishowe.

Utnapishtim alikuwa naye. Aliitwa Puzur-Enlil, ndiye aliyekiziba chombo, na kwa kazi hiyo akapewa jumba la mwenye chombo pamoja na vyote vilivyokuwamo, zawadi ya ajabu kwa saa ambayo jumba lilikuwa karibu kuzama. Katika Mwanzo mtu huyo ameondolewa. Nuhu hafungi mlango, wala baharia yeyote hafungi. Wameingia wote, mume na mke, na aya ya 16 ya sura ya 7 inamalizia kwa maneno mawili: “BWANA akamfungia.”