Mtoto mpole

Wanawake waliojaa barazani kwetu walikuwa na sifa moja ya kumpa mtoto: mpole. Halii akiogeshwa, halii akibadilishwa nepi, na usiku wa kuamkia siku hiyo hakuwa amemwamsha mtu. Mama yangu, aliyezaa saba na kuzika wawili, alimfananisha na marehemu babu yetu, mzee aliyeweza kushinda kutwa akishona nyavu bila kufungua kinywa. "Jina amelichukua, na tabia kazichukua," akasema, wote wakacheka.

Ilikuwa mwanzoni mwa Juni 2014, masika yakiishia. Shule zilikuwa zimefungwa, nami nilitoka Tanga mjini ninakofundisha nikaja kijijini, kwenye ile barabara ya Pangani ambayo wakati huo ilikuwa tope tupu, kusaidia matayarisho ya akika. Kaka yangu alikuwa dago, kwenye kambi ya wavuvi, Mafia, simu yake ikishika inapotaka yenyewe. Mtoto alikuwa na siku nne.

Wifi nilimkuta chumbani, amekwisha kukandwa na kufungwa tumbo, bakuli la uji wa pilipili manga liko pembeni halijaguswa. Hata salamu hakuimaliza. "Wifi, mtoto hanyonyi. Nikimpa titi analiweka mdomoni, halafu analala." Alikuwa ameshawaambia wakubwa wa nyumba, wakamjibu kwamba maziwa bado hayajashuka sawasawa, avute subira. Lakini kanga yake ilikuwa imelowa kifuani.

Nilimpakata. Mimi kama watu wengi nilijua mtoto mgonjwa huchemka. Huyu alikuwa wa baridi, ndani ya kanga tatu, miguu kama imetolewa kisimani. Nikamtekenya unyayo. Akakunja uso kidogo, kisha akaulegeza, basi. Nikamuuliza wifi chupa ilipasuka lini, si kwa sababu nilikuwa na elimu yoyote ya uzazi, bali kwa sababu kwenye simu nilisikia wamechelewa kwenda zahanati nikataka kujua wamechelewa kiasi gani. Ijumaa alfajiri, akasema. Uchungu haukuja siku hiyo. Walikwenda Jumamosi alasiri, akajifungua usiku baada ya isha, na Jumapili asubuhi wakaruhusiwa. Kwenye kadi yake uzito wa mtoto umeandikwa, jinsia imeandikwa, saa ya kuzaliwa imeandikwa. Saa ya chupa kupasuka haipo.

Mama hakuwa mzembe, na hili nalisema mapema kwa sababu habari za namna hii zikisimuliwa bibi ndiye hugeuzwa mchawi. Kitovu cha yule mtoto alikilinda kuliko alivyolinda macho yake. Kwetu pwani, na nasikia hata kusini, mtoto wa kiume kitovu kikimdondokea sehemu za siri kabla hakijakatika vizuri inasemwa atakuja kuwa si mwanamume kamili. Kwa hiyo Mama hakumruhusu mtu yeyote kumvua nepi isipokuwa yeye, na kila asubuhi alikipaka mafuta ya nazi yaliyochanganywa na majivu ya kifuu. Ni dawa aliyopakwa yeye, na sisi sote. Nilipomwambia nampeleka mtoto mjini, alichosikia ni kwamba dawa yake imeshindwa.

"Mtoto wa siku nne hatolewi nje."

"Mama, hanyonyi."

Tukaondoka kwa pikipiki, mshikaki, wifi katikati. Mtoto alimweka ndani ya dera, kifua kwa kifua, akafunga kanga juu yake. Hakuna aliyemfundisha. Daktari alikuja kutuambia baadaye kwamba ule mwendo mrefu kwenye upepo wa kusi ungemmaliza kama angebebwa vinginevyo.

Hospitalini sista wa zamu hakuuliza jina wala hela. Alimfunua mtoto kifua, akatazama saa ya ukutani na kuhesabu pumzi dakika nzima bila kusema na mtu. Sabini na mbili. Kwa mtoto mchanga ikifika 60 ni hatari. Kipimajoto kikasoma 35.1, ikishuka chini ya 35.5, akasema, ni hatari vilevile kama homa, tena watu huipuuza kwa kuwa haiunguzi mkono. Kisha akauliza swali lile lile la chupa. Wifi akajibu. Sista akasema, "Sisi ikipita masaa 18 mtoto hajatoka tunaanza kuogopa," akaandika kwa herufi kubwa juu ya karatasi, kwa kalamu nyekundu.

Mishipa ya mikono ilikataa. Wakamnyoa kipande cha nywele juu ya sikio wakaipata kichwani. Dawa za kuua wadudu zilikuwa mbili, ampisilini na jentamaisini; ampisilini ilikuwepo, jentamaisini nikaifuata duka la dawa ng'ambo ya barabara pamoja na glovu na kanula za akiba. Matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano ni bure, ubao ukutani umeandika hivyo, na sina ugomvi na ubao.

Mama alifika na basi la jioni, amebeba chupa ya uji. Kitu cha kwanza alichokiona ni nywele. Nywele za mtoto hunyolewa siku ya saba, kwa dua, zikapimwa na kutolewa sadaka, na hapa zimenyolewa na msichana asiyemjua na kutupwa kwenye ndoo ya taka. Alikaa kwenye benchi la varanda, chini ya dirisha la wodi, akasema kwa sauti ambayo hakujaribu kuishusha: "Mtoto hagandi hivihivi. Mumewe yuko dago tangu lini?"

Anayeijua Tanzania anajua kilichosemwa hapo. Mtoto akidhoofika kuna neno linasubiri, kubemenda, na mara nyingi linamwangukia mama yake. Katoka nje ya ndoa, au karudi kitandani mapema. Wifi alikuwa upande wa pili wa dirisha la vioo vya kufungua. Alisikia. Alikuwa anakamulia maziwa kwenye kikombe, akaendelea kukamua.

Usiku ule daktari alitaka kutoa maji ya uti wa mgongo, aone kama wadudu wamefika kwenye ubongo. Mama akakataa kabisa. Kijijini kuna mtoto alichomwa mgongo akafa, na kila mtu anakumbuka sindano, hakuna anayekumbuka alikuwa na nini kabla ya sindano. Daktari, kijana mdogo aliyechoka, akasema basi tumtafute baba mtu. Simu ya kaka haikushika. Tukapiga tena kwa nahodha, haikushika. Wifi akafuta mikono yake, akasema, "Mama wa mtoto ni mimi. Ninatia saini wapi?" Katika miaka yote niliyokuwa nimemjua sikuwahi kumsikia akizungumza mbele ya mama yangu bila kuinamisha kichwa. Maji yalitoka meupe, safi. Daktari akasema ubongo umepona, tutakwenda na sindano siku 10.

Asubuhi yake sista yule, akiwa anamaliza zamu, alikuja varandani akiwa na mkoba wake begani. Nafikiri alisikia yale maneno, au wifi alimwambia, sikuuliza. Akakaa kando ya Mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akamuuliza ana watoto wangapi, wapo wapi, akamsifu mjukuu. Akamwambia kitovu amekikagua, hakina wekundu wala harufu, ila siku nyingine akiache kikavu bila kupaka kitu, kitakatika chenyewe. Mama akatikisa kichwa kama mtu aliyesubiri kipigo hicho kwa muda mrefu. Kisha sista akasema, na hapa najaribu kuyarudisha maneno yake kama yalivyokuwa:

"Hawa wadudu, mama, wanaishi kwenye mwili wa mwanamke mzima kabisa. Ana mume mmoja, anaoga mara tatu, na wapo. Wapo utumboni, wapo njia ya uzazi. Yeye hawamdhuru. Chupa ikiwa nzima mara nyingi mtoto yuko salama. Ikipasuka, akakaa humo, wanampandia. Na mikono nayo, yangu na yako."

Mama akanyamaza, akakunjua na kukunja pindo la kanga. "Kwa hiyo nilipomwambia asubiri uchungu..."

"Akija mapema tunamchoma sindano ya mshipa yeye mwenyewe kabla hajajifungua, dawa inamfikia mtoto. Ndiyo maana tunauliza saa. Mwingine akipasukiwa chupa, hata hana uchungu, mlete."

Ni hayo tu. Hakusema mwenye makosa ni nani. Aliinuka akaenda kupanda daladala.

Nimekuja kusoma mambo mengi tangu hapo. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Kilifi, jirani zetu tu hapo juu ya pwani, na wakakuta karibu wajawazito 12 kati ya 100 wanabeba aina moja ya wadudu hao, streptokoka ya kundi B, bila kuumwa chochote. Kliniki za kwetu hazipimi hilo. Wa mtoto wetu hatukumjua ni yupi. Damu ilipelekwa maabara, majibu yakarudi kwamba hakuna kilichoota, jambo ambalo daktari alisema ni la kawaida na halina maana kwamba mtoto hakuugua. Nimesoma pia kwamba kati ya mwaka 2010 na 2022 vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania vilishuka kutoka 81 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000, lakini vya wachanga wa mwezi wa kwanza vimetoka 26 hadi 24 tu. Tunajisifia namba ya kwanza.

Kwenye wodi ile kitanda kimoja kilibeba watoto wawili. Mwenzake wa wetu alikuwa mtoto wa binti mdogo, sidhani kama alifika miaka kumi na tisa, aliyetoka milimani Lushoto kuja kufanya kazi za ndani mjini. Hakuna aliyekuja kumtazama. Mtoto wake alifariki kabla ya adhuhuri, siku ambayo wetu alianza kulia kwa sauti, na kilio hicho sote tulikifurahia kwa aibu. Walimkabidhi amefungwa kwenye kanga aliyokuja nayo. Karatasi alipewa, maelezo hakupewa. Kilichoua ni nini, alifanya nini asichopaswa kufanya, akizaa tena itakuwaje: alimuuliza mfagizi, kwa sababu mfagizi ndiye aliyekuwa amesimama karibu.

Na maziwa yakawa yanamtoka. Hilo hakuna mtu wa hospitali aliyelifikiria. Blauzi imelowa, mikono imebeba, anashindwa kujifuta. Mama ndiye aliyeinuka. Alimpeleka bafuni, akamfunga kifua kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, akamwambia asijikamue hadi yaishe maana yataongezeka, akamue kidogo tu akizidiwa. Akamuuliza jina la mtoto, kwani alikuwa na jina. Mimi nilikwenda kutafuta watu wa msikiti kwa ajili ya mazishi. Niliporudi Mama alikuwa anamwambia yale ya chupa na wadudu, neno kwa neno kama alivyoyasikia asubuhi, na akaongeza la kwake: "Atakayekwambia umembemenda, mwambie aje kwangu."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha maziwa. Alimtazama mama yangu kwa muda, akapita kwenda kumlisha mtoto kwa mpira wa pua.

Hawakuwahi kulizungumzia. Mama hakuomba radhi, si desturi yake. Alianza tu kuchota maji ya moto jikoni kwa wahudumu kila jioni na kumkanda wifi mwenyewe kwenye bafu la wodi, kazi ambayo kijijini alikuwa amempa mwanamke wa kulipwa. Wifi alikubali kukandwa. Aliniambia miaka mingi baadaye kwamba lile la dirishani bado analo, na kwamba hatarajii kulitua.

Tulipotoka walitupa maelekezo: mtoto aje tena wamwangalie masikio, kwa sababu ugonjwa wenyewe na ile jentamaisini vinaweza kugusa kusikia. Akasikia vizuri, mpaka leo anasikia hata asiyoambiwa. Akika ilifanywa siku ya ishirini na moja, na kipara cha juu ya sikio kilikuwa kimeanza kuota. Kaka alifika jioni yake, amenuka samaki, akauliza kwa nini hakuna aliyempigia.

Mwaka 2017 wifi alipata mimba nyingine. Safari hii Mama alimleta kwangu mjini mwezi wa mwisho na kulala naye chumba kimoja. Chupa ikapasuka usiku, hakuna uchungu, na kabla sijapata viatu vyangu Mama alikuwa nje anagombana bei na dereva wa bajaji. Hospitalini muuguzi wa mapokezi, mwingine si yule, akauliza ndugu wa mgonjwa ni nani.

"Chupa imepasuka saa tisa na robo usiku," Mama akasema. "Wa kwanza aliugua, tulilala hapa. Ile sindano ya mshipa anachomwa saa ngapi?"

Muuguzi akamwambia, mama, subiri nje tutakuita. Mama akamwambia aandike kwanza hiyo saa.