Achaneni na vikombe: nilivyompatia wifi yangu zawadi iliyomfaa yeye na mbwa wake

Nimechoka na ushauri wa watu ambao hawajawahi kukaa na mbwa hata kwa saa moja. Waulize umpe nini mtu anayempenda mbwa wake, jibu wanalo mdomoni tayari: kikombe chenye picha ya mbwa, soksi zenye mifupa, fulana yenye maneno ya kuchekesha. Wifi yangu anavyo vyote hivyo. Alivipokea kwa adabu, akashukuru, akavipanga kabatini, na huko ndiko viliko mpaka leo. Ukikitazama kile kikombe utaona mbwa wa kahawia mwenye masikio yaliyosimama wima. Bosi, mbwa wa wifi yangu, ni mweusi tii, masikio yake yameinama, na la kushoto lina pengo alilokuja nalo siku alipookotwa.

Mimi nilianzia kwenye pengo hilo. Mtu wa namna hii hapendi mbwa kwa ujumla wao. Anampenda huyu mmoja. Anajua anavyokoroma, anajua mlango upi ukilia ataamka na upi hatajisumbua. Zawadi inayoweza kumfaa mwenye mbwa yeyote yule inamwambia kwamba hukuwahi kumtazama mbwa wake.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote nilikwenda kukaa nao na kusikiliza. Wenye mbwa hutaja zawadi zao wenyewe kila siku, ila huzitaja kwa sura ya malalamiko. Taulo la Bosi halikauki hadi kesho yake. Viti vya gari vimejaa manyoya. Mfuko mmoja wa koti umebeba funguo, vitafunwa na mifuko ya kuzolea kinyesi, na kila anapotoa kimoja vingine vinadondoka. Alfajiri wanatembea gizani na madereva hawawaoni. Nilikuwa naandika yote kwenye simu, na orodha ile peke yake ingenitosha miaka: mkoba wa kiunoni, taulo jepesi linalokauka upesi, glavu ya mpira ya kuondolea manyoya, kola inayong'aa ikipigwa na taa. Vingi kati ya hivyo havifiki bei ya shada la maua.

Hata vitu vya mbwa vilivyojulikana dunia nzima vilianza na mtu kumtazama mbwa wake. Mmarekani Joe Markham alikuwa na mbwa aliyeitwa Fritz, aliyekuwa akitafuna mawe hadi kujiharibia meno. Markham alipokuwa akitengeneza gari lake la Volkswagen, Fritz akaokota kipande cha mpira kutoka kwenye gari hilo na kukitafuna kwa furaha. Kutokana na kipande kile ndipo kikazaliwa kile kidude cha mpira chenye tundu katikati kiitwacho Kong, na kampuni yake ikaanzishwa mwaka 1976. Alijua mbwa wake anatafuna mawe, basi. Hakuhitaji kuuliza duka.

Maana mimi duka niliuliza, na nilichoambiwa kinanikera hadi sasa. Muuzaji alinipa mpira mwekundu na kipande cha pembe ya paa, akasema hakuna mbwa atakayevikataa. Tuanze na mpira. Mbwa hawaoni rangi kama sisi. Mwaka 1989 mtafiti Jay Neitz na wenzake walionyesha kwamba jicho la mbwa lina aina mbili tu za chembe za kutambua rangi, wakati sisi tunazo tatu. Bluu na njano anaziona vizuri. Nyekundu kwake ni rangi iliyofifia, na ikitupwa kwenye majani mabichi anabaki akiitafuta kwa pua. Rangi nyekundu imewekwa pale imvutie mnunuzi. Ukinunua mpira, chukua wa bluu au wa njano, na uwe mkubwa kiasi kwamba hauwezi kupita nyuma ya meno yake na kuziba koo. Mipira ya tenisi mimi siipendi kwa mbwa anayetafuna muda mrefu, kwa sababu manyoya ya mipira hiyo yakishika mchanga yanasaga meno.

Ile pembe niliirudisha pale pale mezani. Kitu kigumu hivyo huvunja jino kubwa la juu, lile ambalo mbwa hulitumia kukatia, na kuling'oa ni kazi ya daktari, tena kwa dawa ya usingizi. Kipimo ni rahisi: bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha usipoacha alama, kitu hicho ni kigumu mno. Mifupa iliyopikwa ndiyo kabisa usiiguse, kwa sababu hupasuka na kuwa na ncha kali.

Ushauri mwingine ulitoka kwa rafiki anayependa kazi za mikono. Alitaka nitengeneze alama ya unyayo wa Bosi kwa kinyunya cha unga, maji na chumvi nyingi, nikioke kisha nikipake rangi. Wazo la unyayo ni zuri sana, nami nalipenda, lakini kinyunya kile ni hatari kwa mbwa, kibichi na hata kilichookwa. Akikila, chumvi inapanda mwilini kwa kiasi kinachoweza kumuua. Na kitu chenye harufu ya unga ukikitundika chumbani mwa mbwa, siku moja kitaanguka na ataonja. Kuna vidau vya wino usiochafua vinavyotumiwa kwa nyayo za watoto wachanga. Hivyo vinafaa, na karatasi unaitia kwenye fremu.

Nikiwa bado kwenye hasira hiyo, niseme na la vikapu vya vitamu. Watu humpelekea mwenye mbwa chokoleti, wakidhani kwamba kwa kuwa ni za binadamu basi mbwa hahusiki. Kikapu kinawekwa kwenye meza fupi na wageni wanaenda kula. Chokoleti ina theobromini, ambayo mwili wa mbwa huivunja polepole mno, na kadiri chokoleti ilivyo nyeusi ndivyo sumu inavyozidi. Zabibu kavu huua figo. Pipi na ubani wa kutafuna usio na sukari mara nyingi huwa na zailitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, ambayo hushusha sukari ya damu ya mbwa kwa muda mfupi sana. Wala usimpelekee mbwa vitafunwa bila kuuliza, hata kama pakiti imeandikwa ni vya mbwa. Bosi amekatazwa kuku na daktari kwa sababu ya ngozi yake, na kila sikukuu anapelekewa pakiti za kuku ambazo wifi anazigawa kwa mbwa wa majirani.

Sasa nije kwenye zawadi yenyewe, ambayo najivunia.

Niliamua kutengeneza picha kubwa ya Bosi, ya ukutani, ambayo pengo la sikio litaonekana. Kaka yangu alimchukua mkewe wakaenda matembezini, mimi nikabaki na mbwa na mpwa wangu. Mtu ambaye hajawahi kupiga picha mbwa mweusi hajui ugumu wake. Nilimketisha mbele ya dirisha, mahali anapopenda, na picha ikatoka dirisha zuri lenye doa jeusi katikati. Mwanga ulikuwa mgongoni mwake, na kamera ililishughulikia dirisha likamwacha yeye gizani. Nikawasha taa ya simu. Macho yakawaka kijani kama ya mzuka, kwa sababu nyuma ya jicho la mbwa kuna utando unaorudisha mwanga, na manyoya yakatoa mng'ao wa ovyo mgongoni huku uso ukibaki mweusi. Nikajaribu sebuleni kwenye kochi la rangi nyeusi, hapo mbwa akapotea kabisa, ukaona ulimi tu.

Nilichofanya baadaye kimenifanya niombwe na watu wengi niwapigie picha mbwa wao. Nilimweka Bosi ndani, hatua chache kutoka mlango uliofunguliwa, akitazama nje. Mwanga wa mawingu ukamwangukia usoni bila jua kali. Mimi nikatoka nje nikalala kifudifudi kizingitini, simu ikiwa sawa na macho yake.

"Shangazi, mbona umelala chini?" mpwa wangu akauliza.

"Nataka kumwona anavyoonwa na mbwa mwenzake," nikamjibu, na sikuwa natania. Ukimpiga mbwa picha kwa kusimama unapata fuvu la kichwa na pua. Ukishuka hadi usawa wake unampata yeye.

Nikagusa uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera ipimie hapo, nikapandisha mwanga kidogo hadi manyoya yakaanza kuonekana moja moja. Nyuma yake palikuwa na ukuta wa rangi ya mchanga, hakuna kingine. Kisha ikabaki masikio. Masikio yaliyoinama hujikunjua kidogo tu mbwa anaposhangaa, na mshangao huo haurudii, maana sauti ileile akiisikia mara ya tatu hajali tena. Watu huanza kupiga miluzi tangu mwanzo na wanaimaliza kabla kamera haijawa tayari. Nilikuwa nimemwonya mpwa wangu anyamaze kabisa mpaka nimpe ishara, na nilimpa karatasi ngumu ya kukunja ambayo Bosi hakuwahi kusikia sauti yake ikikunjwa. Nilipoinua kidole, akaikunja mara moja. Kichwa kikainama upande, masikio yakafunguka, pengo likasimama wazi kwenye mwanga. Nikaachia picha mfululizo. Moja ilitosha.

Lakini siku hiyohiyo, nikiwa pale sakafuni, niliona kitu kingine. Bosi aliponifuata nje, miguu ya nyuma iliteleza kwenye vigae. Akajikusanya, akaenda akikanyaga kwa uangalifu, akipita karibu na ukuta. Ni mzee sasa, mdomo umekuwa mweupe, nyonga zimekaza, na sakafu laini humfanya aogope kutembea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Wifi hajawahi kulisema kwa mtu. Nikapima kwa kamba njia yake kutoka kwenye godoro lake hadi bakuli la maji, na kutoka hapo hadi mlangoni, kisha nikanunua zulia jembamba lenye mpira chini, lile la korido, nikalikata vipande vya urefu huo. Gharama yake haikufika hata nusu ya kuchapisha na kufremu ile picha.

Aliifurahia picha, akaitundika papo hapo. Nilipotandaza mazulia, Bosi alisita, akaweka mguu, akaweka wa pili, kisha akaenda moja kwa moja hadi kwenye maji bila kuugusa ukuta. Wifi alilia. "Nilidhani ni mimi peke yangu ninayeona," akaniambia. Sijawahi kupewa shukrani kama ile kwa kitu chochote nilichonunua.

Tangu siku ile nafanya hivyo kwa kila mtu. Mwenzangu kazini ana mbwa mdogo mwenye pua bapa, na mbwa wa namna hiyo wanapumua kwa shida, hivyo kamba ikivuta shingoni ni mateso. Nilimnunulia mkanda wa kifuani, baada ya kuzungusha uzi nyuma ya miguu ya mbele huku nikijifanya namkuna. Ukivalishwa vizuri, vidole viwili vinapita kati ya mkanda na mwili. Usibahatishe kwa kutazama tu, mbwa mwenye manyoya mengi ni mwembamba kuliko unavyodhani.

Aliyefiwa na mbwa ni habari nyingine. Hapo nasema kwa mkazo: usimpelekee mtoto wa mbwa. Hata asiyefiwa usimpelekee, huo ni uamuzi wa miaka kumi na zaidi ambao huna haki ya kumfanyia mtu mwingine. Rafiki yangu alipompoteza wake, niliwaandikia wote waliowahi kufika nyumbani kwake wanitumie picha na video zozote ambazo mbwa yule alionekana, hata kwa nyuma, hata mkia tu. Zilikuja nyingi ambazo yeye mwenyewe hakuwahi kuziona. Nikazipanga kwenye albamu pamoja na jina la aliyepiga kila moja.

Na kama huna fedha kabisa, toa muda, ila utaje tarehe. Wenye mbwa huambiwa "ukihitaji msaada niambie" na hawasemi kamwe, kwa sababu wanaona wanasumbua. Mimi niliandika kwenye kadi mwisho wa wiki gani nitakaa na Bosi ili wifi na kaka wasafiri. Wiki hiyo inakuja. Wifi ameshaniletea ukurasa mzima wa maelekezo: dawa ya viungo apewe pamoja na chakula, simu ya daktari wake, asiachwe apande ngazi, na usiku redio iwashwe kwa sauti ya chini maana bila hiyo halali.